Chumba Chenye Friji

Nina hadithi mdomoni. Niiteme au niimeze? Mmesema niiteme, basi msije mkanilalamikia baadaye. Sukari imo, lakini si ile ya chai.

Palikuwa na watu watatu katika mtaa mmoja wa mji wa Lindi, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Kuruthumu, mwenye nyumba. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Mama huyu hakuwahi kutupa kitu tangu azaliwe. Mwavuli uliovunjika mbavu, redio iliyokufa, kiatu kimoja cha marehemu mumewe cha mguu wa kushoto, vyote alikuwa navyo, na ukimuuliza vya nini anakujibu, "Vitapata siku yake."

Wa pili ni fundi Hokororo, wa kibanda cha kona. Kipaji chake kilikuwa sikio. Mafundi wengine walipima mashine kwa vifaa. Yeye aliinama, akaweka sikio kwenye bati, akafumba macho, kisha akakwambia inaumwa nini. Mkewe alikuwa akisema sikio hilo halijawahi kumsikia yeye hata siku moja.

Wa tatu ni Mwajabu, mpangaji wa chumba cha mbele nyumbani kwa Bi Kuruthumu. Kipaji chake kilikuwa umeme. Nyumba nzima ilikuwa na luku moja tu, ile mita ya umeme wa kulipia kwanza, nayo ilikuwa chumbani kwake, kwa sababu nyaya za upande wa nyuma ziliungua zamani na hakuna aliyezigusa tena. Mtaa ukiishiwa uniti, kwa Mwajabu taa inawaka. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu, na shati lililopita mkononi mwake lilisimama lenyewe.

Hao ndio watatu. Sasa aje mwenye shida.

Somoe alitoka Nachingwea na binti yake, Siwema, mwenye miaka kumi na mmoja. Alifuata kibarua cha kubangua korosho. Siwema alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kuchomwa sindano asubuhi na jioni kabla ya kula, na dawa yake ni kichupa kidogo kinachotaka ubaridi. Kule Nachingwea walikitunza ndani ya mtungi uliowekwa juu ya mchanga uliolowa, upepo mkavu ukapita, mtungi ukapoa. Lindi hewa yenyewe ina maji. Mtungi ulitoka jasho kama watu, na maji ya ndani yakabaki vuguvugu.

Kwa hiyo Somoe alipokwenda kwa dalali Chande hakuuliza choo kiko wapi, wala dirisha linatazama wapi. Alisema neno moja.

"Nataka chumba chenye friji."

Dalali akacheka kwa furaha. "Dada yangu, Lindi nzima kuna chumba kimoja tu kinachoitwa hivyo. Chumba chenye friji, kwa Bi Kuruthumu. Muulize yeyote."

Somoe aliuliza. Muuza mihogo akasema, ndiyo, chumba chenye friji, nyumba ile pale. Mama mmoja mwenye ndoo akasema, chumba chenye friji, mlango wa tatu. Hata watoto walijua. Somoe akalipa, akaingia, akaiona friji imesimama kwenye pembe, nyeupe, ndefu kuliko yeye. Akaifungua.

Ndani mlikuwa na kanzu tatu zilizokunjwa, kofia mbili na harufu ya karafuu. Friji ilikuwa imekufa miaka mingi. Bi Kuruthumu aliigeuza kabati la nguo za marehemu mumewe, kwa kuwa panya hawaingii. Kila mpangaji aliruhusiwa kulala chumbani lakini hakuruhusiwa kuifungua. Wala isingeweza kutolewa. Marehemu aliinunua wakati nyumba bado inajengwa, akaiingiza kabla mlango haujatiwa fremu. Seremala alipokuja, mbao zilikuwa chache, akaweka fremu nyembamba. Friji ikabaki ndani, na chumba kikapata jina.

Somoe alirudi kwa dalali mbio.

"Chande, umenidanganya!"

"Dada Somoe, uliniuliza kama chumba kina friji. Kina. Hukuniuliza kama friji ina baridi."

Na mimi nawaambia, hakudanganya. Ndiyo maana namchukia zaidi.

Somoe akapeleka kichupa kwa mwenye duka la soda, mtu mwema kabisa. Yeye, kwa kuona huruma, hakukiweka pamoja na soda. Alikiweka chini kwenye friza, kwenye barafu, akiamini kwamba kinachopenda baridi kitapenda baridi zaidi. Kikaganda, kisha umeme ukakatika. Somoe alipokichukua kilikuwa kimeyeyuka tena, kinaonekana vilevile, na hakuna aliyejua kwamba dawa ile ikishaganda imeharibika. Akamchoma mwanawe. Siku ya pili Siwema alikunywa maji ndoo nzima. Siku ya tatu alitapika, akahema kwa kasi, mdomo ukanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alilala hospitali siku nne bila kumtambua mama yake.

Alipona. Nesi akawapa kichupa kipya na maneno haya: "Safari hii ametoka. Nyingine sijui. Nyumbani mna friji?"

Somoe akajibu, "Tuna chumba chenye friji," kisha akalia mbele za watu, hakuona haya.

Habari zilifika mtaani kabla yao. Hapo ndipo vile vipaji vitatu vilipofanya kazi.

Bi Kuruthumu akatoa mwili wa friji. Aliingia chumbani bila kubisha hodi, akafungua friji, akatoa kanzu moja baada ya nyingine, akazinusa, akaziweka kwenye kikapu. "Mwanangu," alimwambia Somoe, "sina kabati lingine. Lakini nguo haziumwi." Kikapu akakiweka chini ya kitanda chake. Haukupita mwezi, panya walizitafuna kanzu zote tatu. Mama alizika vitambaa uani kama anamzika mume mara ya pili.

Hokororo akatoa moyo. Aliweka sikio ubavuni mwa friji, akafumba macho, akafumbua. "Kompresa imekufa, na mpya ya aina hii haiji tena." Halafu akaenda nyumbani kwake, akafungua friji ya mkewe, ile aliyokuwa akigandishia barafu za ubuyu za kuwauzia wanafunzi, akang'oa kompresa yake akaja nayo begani. Akachomelea, akajaza gesi, akabadilisha mpira wa mlango. Mkewe hakugomba. Aliacha kuuza barafu, na tangu siku ile akimpakulia chakula anaweka sahani mezani na kuondoka.

Mwajabu akatoa pumzi. Alipitisha waya juu ya dari kutoka kwenye luku yake hadi chumba cha tatu. Friji ikanguruma. Lakini alipochomeka pasi, swichi kuu ikakata nyumba nzima. Akajaribu tena, ikakata tena. Pasi na friji havikukaa pamoja. Mwajabu akaichomoa pasi, akaifunga waya wake vizuri, akaipandisha juu ya kabati. Akanunua pasi ya mkaa. Cheche moja ikadondoka kwenye shati jeupe la bwana harusi, likatoboka, na wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja. Siwema alipomwambia, "Mama mkubwa, pole," alimjibu, "Pole ya nini? Mkaa unanipa joto," na ilikuwa Desemba, Lindi.

Miezi minane friji ile ilinguruma. Siwema alinenepa mashavu. Alirudi shule, akashika nafasi ya tano. Ndani ya friji mlikuwa na vichupa viwili kwenye rafu ya kati, jagi la maji, na basi. Somoe hakuthubutu kuweka hata samaki, alisema dawa isije ikaona wivu.

Ningekuwa mtu mzuri ningeishia hapa. Lakini dalali Chande alipita siku moja kumsalimia Bi Kuruthumu, akasikia mngurumo.

"Bi Kuruthumu, shikamoo. Hii ni friji yako?"

"Marahaba. Ya nani tena?"

"Inafanya kazi?"

"Inagandisha mpaka meno."

Dalali akakaa chini. "Mama, hiki sasa ni chumba chenye friji kweli. Kuna bwana mmoja wa mradi wa barabara, anatafuta chumba chenye friji, anataka kulipa mwaka mzima kwa mkupuo."

Bi Kuruthumu hakuwa na roho mbaya. Sikilizeni vizuri, msimtukane. Bati la nyumba yake lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha alilala na beseni kifuani. Kodi ya mwaka kwa mkupuo ingeezeka nyumba yote. Akamwita Somoe, akamwambia kwa upole kwamba chumba cha friji mbovu kina kodi yake, na cha friji nzima kina kodi yake. Kodi aliyoitaja, Somoe hajawahi kuishika mkononi.

Kwa hiyo, enyi wasikilizaji, watu watatu walimponyesha mtoto kwa kuitengeneza friji, na friji ilipotengemaa ikamfukuza mtoto.

Hokororo alisikia, akaja na spana. "Kompresa ni yangu. Natoa. Friji ikifa, kodi inashuka, dada anabaki."

"Anabaki na nini, fundi?" Mwajabu akamuuliza. "Kabati?"

Hokororo akashusha spana. Hata hivyo hakuondoka. Alimfikiria mkewe, nadhani, na ile sahani.

Shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa kuwa friji haitoki chumbani, ilibidi baraza lije kwake. Jumamosi asubuhi waliweka mabenchi kwenye korido, mlango wa chumba cha tatu ukiwa wazi, kila mmoja anaiona friji na friji inamwona kila mmoja.

Mwenyekiti akasema, "Mimi sitaamua habari za huruma, maana kwa huruma hatutoki hapa. Nitaamua jambo moja. Friji hii ni ya yule aliyechangia zaidi kuifanya friji. Atakayeipata, neno lake ndilo la mwisho. Semeni."

Akaanza Bi Kuruthumu. "Mwenyekiti, nimepangisha kuta miaka ishirini. Nyumba ya kupanga ni kuta, bati na mlango, hata hilo bati lenyewe mnaliona. Sikuahidi friji. Nilitoa kabati la marehemu kwa ajili ya mtoto, panya wakamla mume wangu. Bila bati hili jeupe Hokororo angeweka kompresa wapi, kichwani? Nikisema friji ni ya mpangaji, kesho watadai kitanda, keshokutwa watadai mwanamume." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nataka kulala mahali pakavu kabla sijafa. Basi."

Akaja Hokororo. "Nilipoikuta ilikuwa sanduku. Waulizeni panya wenyewe, hawakuwahi kuiita friji. Mimi nimeipa moyo, na moyo huo nimeutoa kwenye nyumba yangu. Mke wangu alikuwa anasomesha wadogo zake wawili kwa barafu. Sasa wamerudi kijijini. Nikipewa friji hii, natoa kilicho changu nakirudisha kwangu. Simchukii mtoto. Lakini nimechoka kula chakula cha mtu asiyesema na mimi."

Mwajabu akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mwili upo, moyo upo. Zima swichi tuone. Kila ngurumo mnayoisikia hapo inatoka kwenye luku yangu. Nimepoteza wateja wote wa harusi. Vidole vyangu hivi hapa, vimeungua. Wiki iliyopita niliishusha pasi yangu ya umeme nikaifuta vumbi, nikairudisha. Nikipewa mimi friji, mtoto ataitumia, lakini nitaitoa nikaiweke kwangu, niipangie saa zake na pasi saa zake."

"Utaitoaje?" Bi Kuruthumu akauliza.

"Nitavunja fremu."

"Fremu hiyo ndiyo imebeba ukuta, na ukuta ndio umebeba kenchi za paa. Ukigusa ukuta wangu, Mwajabu, unahama wewe na Somoe siku hiyohiyo, na luku unaiacha."

Mwajabu akakaa tena. Ilikuwa kweli, na wote walijua ni kweli. Ukuta ule ulikuwa wa udongo.

Mwenyekiti akamgeukia dalali. "Na wewe? Huna dai?"

"Mimi nilitoa neno tu," Chande akasema, na kwa mara ya kwanza akainamisha kichwa.

Mwisho Somoe akaulizwa. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa mafuta ya korosho. Alisema taratibu, kana kwamba anajifundisha kusema.

"Mimi sikutoa kitu, sitadai kitu. Nataka kuuliza tu. Nilipopanga nilipewa dirisha, na sikulilipia peke yake. Bi Kuruthumu, hukuniambia kuna kodi ya chumba na kodi ya hewa. Ulijua mtu hawezi kulala bila hewa, ndiyo maana ukaliweka. Kwa mwanangu friji ni dirisha. Kwa nini lake mnaliita anasa?"

Bi Kuruthumu akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Kwa sababu sikulijenga mimi, mwanangu. Na nikilijenga kwa kila mgonjwa, mimi nitalala wapi?"

Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa maneno mengi, alianza kuchora mistari kwenye vumbi la sakafu kwa ncha ya kiatu.

Wakati huo Siwema akatoka uani, akapita katikati ya mabenchi akiwaamkia wakubwa mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo, shikamoo," maana alikuwa amelelewa. Ilikuwa saa ya sindano ya asubuhi. Alifungua friji, akatoa kichupa chake, akafunga mlango kwa goti kama alivyozoea. Akavuta dawa, akaipima kwenye mwanga, akajichoma tumboni, akarudisha kichupa. Wakubwa wote walitazama pembeni. Hata mimi ningetazama pembeni.

Alipotaka kutoka akamuuliza mwenyekiti, "Babu, mkishaamua, ni leoleo?"

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Nijue kama nipike chakula cha jioni. Nikipika halafu dawa haipo, siwezi kula."

Akaenda zake uani kunywa uji wake.

Haya. Hapo ndipo mwenyekiti alipoomba watu wampe muda hadi alasiri. Sasa ni alasiri na bado anachora kwenye vumbi.

Najua mnachotaka kusema. Mmoja wenu anataka kusema wagawane. Wagawaneje? Ukimpa huyu bati, huyu kompresa, huyu waya, umempa nani friji? Mwingine anataka kusema mtaa uchange. Mtaa ulishachanga, mnaona ulichochanga: kanzu, barafu na pasi, na waliochanga ndio hao wamekaa kwenye benchi wakiwa fukara kuliko walivyokuwa. Na wewe pale nyuma unataka kusema apewe Siwema. Nami nilitaka. Lakini mwenyekiti hakuuliza nani anahitaji. Aliuliza nani ametoa, na katika wote waliotoa, yule mtoto hakutoa kitu chochote isipokuwa kuugua.

Ukimpa Bi Kuruthumu, friji inabaki nzima, bibi analala pakavu, na mtoto yuko barabarani na kichupa mkononi. Ukimpa Hokororo, fundi anarudi kwa mkewe, Somoe anabaki na kitanda chake, na dawa inachemka kwenye kabati. Ukimpa Mwajabu, ukuta unaanguka na wote wawili wanahama, friji imesimama uani bila waya wa kuchomeka.

Mwili, moyo na pumzi. Toa kimoja, viwili vilivyobaki si friji. Hakuna aliyetoa zaidi ya mwenzake, nimepima mara nyingi kuliko mwenyekiti.

Kule uani moshi umeanza kupanda, na mtoto anachambua mchele. Basi shika kiti cha mwenyekiti wewe unayenisikiliza. Je, friji ungempa nani? Na ukishamtaja, nani kati yetu atakwenda uani kumwambia Siwema kama apike au aache?